Wikendi ya mtu peke yake Goma: ufuko wa ziwa ni wa nani?

Boti ya mbao kutoka kisiwa cha Idjwi imefika Kituku, soko la ufukoni la Goma, asubuhi na mapema, na gati la kuifunga hakuna. Wapagazi wanaingia majini hadi kiunoni. Wanapokea mananasi, mikungu ya ndizi, magunia ya makala ya kupikia, kuku waliofungwa miguu. Halafu abiria, mmoja mmoja, wengine wakibebwa mgongoni ili viatu visilowe.

Hatua chache kutoka hapo watoto wanazamisha bidoni za manjano za lita 20. Mama mmoja anasuuza mashuka juu ya jiwe jeusi la volkano. Kijana wa teksi ya pikipiki anaosha chombo chake, na povu linaelea taratibu kuelekea kwenye bidoni za watoto. Nyuma yao wanawake wamekwisha kupanga sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwenye mabeseni.

Mhariri alinituma nieleze jambo linaloonekana dogo: mtu asiye na gari, asiye na harusi wala kilio cha kuhudhuria, anaipitishaje Jumamosi na Jumapili yake katika mji wa Goma? Nilikubali haraka kwa kuwa ndivyo ninavyopenda kuishi. Miguu, soko, filamu jioni, na matembezi na mbwa wa jirani yangu; jirani huyo hunikabidhi kamba ya mbwa kila anaposafiri kwenda Bukavu.

Lakini kila nilikoelekea nilikutana na swali lilelile. Katika mji huu uliojengwa kando ya maji, ni wapi mtu anaweza kusimama na kulitazama Ziwa Kivu bila kulipa, bila kuulizwa amekuja kwa nani?

Ukuta mrefu wa mawe meusi

Ukitoka Kituku kuelekea mjini kwa kupitia Kyeshero na Himbi, ziwa liko mkono wako wa kulia muda wote. Upepo wake unakufikia usoni. Ila lenyewe hulioni. Unachokiona ni kuta za mawe ya lava, seng'enge juu yake, mageti ya chuma, na walinzi kwenye viti vya plastiki. Baada ya kila viwanja kadhaa unapata mwanya mwembamba, rangi ya buluu inakupitia machoni, kisha ukuta mwingine.

Mambo haya hayakuanza jana. Wabelgiji walipoifanya Goma kituo chao mkabala na Gisenyi ya Rwanda, viwanja vya kando ya maji vilikuwa vya Wazungu. Mobutu alikuwa na makazi yake ufukoni, na baadaye makazi hayo yakawa ofisi za gavana wa Kivu Kaskazini. Julai 1994 wakimbizi wapatao milioni 1 walivuka kutoka Rwanda, na nyuma yao yakaja mashirika ya misaada. Kuanzia 1999 ukaja pia ujumbe wa Umoja wa Mataifa. Nyumba za ziwani zikaanza kupangishwa kwa dola. Mwenye kiwanja akaona faida, akainua ukuta, akajenga ghorofa au hoteli.

Wakati huohuo mji ulikuwa ukifurika. Vita vya Masisi na Rutshuru vimeleta watu kila mwaka, na leo wakazi wanakadiriwa kufikia milioni 2. Kaskazini kuna Nyiragongo, volkano yenye urefu wa meta 3,470, iliyomwaga lava 1977, 2002 na 2021. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikalichoma kanisa kuu, ikawaacha watu zaidi ya 100,000 bila makazi, na haikusimama mpaka ilipoingia ziwani. Mashariki kuna mpaka. Upande wa kusini ndiko mji ungepaswa kupata pumzi, na ndiko kuta zilikosimama.

«Goma iko kwenye ziwa la kilometa za mraba 2,700, na bado mkazi wake anaweza kutembea mchana kutwa asiguse maji.»

Soko lisilo na gati

Kituku ni mojawapo ya sehemu chache ambazo ukuta huo umekatika. Ndiyo maana kila mtu yuko hapa.

Jumamosi soko linachelewa kidogo kwa sababu ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi wa mji. Ikishakwisha, watu wanateremka kwa wingi. Unga wa muhogo na maharagwe hupimwa kwa gigozi, lile kopo la maziwa ya unga ambalo Kivu yote imelifanya kipimo. Angalia mkono wa muuzaji: akikupenda anaongeza mpaka kilele kinamwagika pembeni, asipokupenda anasawazisha kwa kiganja. Mteja wa kila siku hapigi kelele. Anasimama tu, anaitazama gigozi, mpaka kilele kirudi.

Nilinunua sambaza za kukaanga, nikala nikiwa nimesimama. Samaki hawa wadogo si wenyeji wa hapa. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, wakazaana, na leo ndio kitoweo cha maskini na tajiri. Usiku unaweza kuwaona wavuvi wao mbali ziwani: mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikiwaka juu ya maji ili kuwavuta samaki. Alfajiri wanarudi, na bei ya beseni inategemea mwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, sambaza wanaadimika.

Lakini huwezi kuzungumzia Kituku kama mahali pa kutembelea tu. Mapema mwaka 2024 mapigano ya jeshi la serikali na waasi wa M23 yaliifunga barabara ya Goma hadi Minova kupitia Sake. Minova ndiko kulikotoka mboga, maharagwe na mihogo ya mji. Njia iliyobaki ilikuwa ya majini. Kila kitu kikapanda boti, na watu wakapanda juu ya mizigo.

Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyoitwa Merdi ikitokea Minova ilipinduka karibu na Kituku, ikiwa imebakiza muda mfupi tu kufika. Watu walikuwa ufukoni wakiitazama inavyolala ubavu. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema siku hiyo kwamba ilikuwa na abiria 278 na kwamba 78 walikuwa wamekufa. Hesabu zilizotolewa upande wa Kivu Kaskazini zilikuwa pungufu. Wengi walikuwa wafanyabiashara, wanawake waliokuwa wakileta chakula cha mji huu.

Haikuwa mara ya kwanza kwa ziwa hili. Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe na watu zaidi ya 100 hawakuonekana tena. Rais Tshisekedi alikwenda pale mwenyewe na kuagiza kwamba kila abiria avae jaketi la kuokolea. Miaka mitano baadaye Merdi ilikuja imejaa, na wengi ndani yake hawakuwa na jaketi.

Minova ilichukuliwa na M23 mnamo Januari 2025, na kabla mwezi haujaisha Goma nayo ikachukuliwa. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango, pesa taslimu zikaadimika. Umeme ulipokatika siku za mapigano, pampu za maji zilisimama, na mji ukateremka ziwani na bidoni. Waliokuwa na Kituku karibu walibahatika. Wenye umri wa kutosha waliikumbuka Julai 1994, wakimbizi walipokunywa maji bila kuyatibu na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu ndani ya wiki chache.

Kwa hiyo mama muuza unga akisikia mwandishi anaulizia mahali pa kupumzikia, ana haki ya kushangaa. Anachokitaka yeye ni gati, choo, taa, na mtu wa kuhesabu abiria kabla boti haijang'oa nanga. Nakubaliana naye kwa kila kimoja. Ninachokataa ni kwamba mahitaji yake na matembezi yangu ni maadui. Ufuko ukifungwa, anayefukuzwa kwanza ni yeye.

Mbwa na mazuku

Jumapili asubuhi nilimchukua mbwa tukaelekea magharibi, upande wa Lac Vert. Goma haijazoea mtu kutembea na mbwa kwa kumfunga kamba, isipokuwa walinzi wa Himbi wanaowanyoosha miguu mbwa wa mabosi wao kabla jua halijawa kali. Mbwa wengine wa mji huu wanalala mchana na kubweka usiku, na kazi yao ni hiyo tu. Ukipita na mmoja aliyetulia, watoto wanakimbia kwanza, kisha wanarudi nyuma yako kwa umbali wa mawe mawili matatu, wakijadiliana kama anauma.

Hofu yao ina msingi. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishatokea, mgonjwa haponi, na karibu vifo vyote vya binadamu vya ugonjwa huo hutokana na mbwa. Aliyeumwa anatakiwa kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi chanjo bila kusubiri mbwa aonekane mgonjwa. Wataalamu wa afya wanasema mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa unakatiwa njia. Mji uliopita katika vita, ambako wenye mbwa wengi walikimbia na kuwaacha nyuma, unahitaji kampeni hiyo kuliko hata unavyohitaji kuwapiga mawe mbwa wasio na mwenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo mtu wa kuja hapa lazima aambiwe. Katika ardhi ya lava, kuanzia Kyeshero hadi Bulengo, kuna mashimo na mabonde madogo yanayohifadhi mazuku. Ni hewa ya ukaa itokayo chini ya volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, inalala chini usiku na alfajiri, mpaka jua na upepo viitawanye. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mbuzi, mbwa au mtoto anaanguka. Ukiona panya au ndege wamekufa shimoni bila jeraha, usishuke kuchungulia.

Nilifupisha kamba. Mbwa alitaka kufuata harufu kwenye kila shimo, nami nilimzuia kwenye kila moja. Wazee wa upande huu wanayajua mashimo mabaya kwa majina ya walioangukia humo, na wanawafundisha watoto wao. Wageni waliokimbilia huku wakati wa vita hawakufundishwa na mtu.

Nao walikuwa wengi. Kambi za Lac Vert na Mugunga, ambazo mabomu yaliziangukia tarehe 3 Mei 2024 na kuua watu, zilijaa mahema mpaka mwanzoni mwa 2025. Februari mwaka huo zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi vijijini. Kutembea hapa Jumapili na mbwa anayetingisha mkia si jambo jepesi moyoni. Hata hivyo nilikutana na familia zimevaa za kanisani, vijana wanaokimbia mazoezi, wapenzi wawili wamekaa juu ya mwamba. Nao walikuwa wakitafuta mahali pasipo geti.

Wanaodhani kwamba mbwa na Kivu havina historia ya pamoja waende Rumangabo, makao ya Hifadhi ya Virunga kaskazini mwa mji. Tangu 2011 askari wa hifadhi wanafanya kazi na mbwa wa kunusa, wanaofuata nyayo za majangili na kutafuta watu waliopotea au kutekwa.

Filamu kwa taa ya jirani

Jioni iliyotangulia, Jumamosi, nilikuwa nimeingia kwenye banda la video. Ni nyumba ya mbao kama zilivyo nyumba nyingi za Goma, kwa sababu mbao ni nyepesi juu ya lava na hujengwa upesi baada ya moto. Mabenchi, televisheni moja juu ya rafu, spika yenye mlio wa kupasuka. Mpira wa Ulaya ukiwepo, filamu husubiri. Siku hiyo haukuwepo. Tulitazama mapigano ya Kichina, na ukumbi mzima ulijua nani atakufa kabla hajafa.

Umeme ndio unaoamua ratiba. Sehemu kubwa ya mji hupata nguvu kutoka Virunga Energies, inayozalisha umeme kwa maji ya mito ya hifadhi, kwenye vituo kama cha Matebe. Ukikatika, mwenye jenereta ndiye mwenye sinema.

Goma ina mapenzi ya filamu kuliko watu wa mbali wanavyofikiri. Yole!Africa, kituo kilichoanzishwa na mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo, kiliwafundisha vijana wa hapa kushika kamera na kucheza dansi, kikaandaa tamasha la filamu la Salaam Kivu. Na mabishano makubwa ya filamu ya miaka ya karibuni yalianzia mitaa hii. Mholanzi Joris Postema alikuja Goma kutengeneza Stop Filming Us, iliyotoka 2020, akihoji kama mtu wa Magharibi anaweza kuupiga picha mji huu bila kuona vita na umaskini peke yake. Mwaka 2022 Bernadette Vivuya na Kagoma Ya Twahirwa wakamjibu kwa Stop Filming Us But Listen, wakitumia picha zake na zao wenyewe.

Mabishano hayo yananihusu ninapoandika kuhusu Kituku. Mpiga picha wa nje huja ufukoni boti inapozama au kipindupindu kinapolipuka. Jumamosi ya kawaida, mtu anaponunua sambaza na kubishania kilele cha gigozi, haji. Basi dunia inaijua Kituku kama mahali pa maiti. Sisi wenyewe tunaanza kuijua hivyo, na mahali pa maiti hapana mtu anayepagombania.

«Ufuko ukifungwa, anayefukuzwa kwanza ni mama muuza unga.»

Kila upande na hoja yake

Wenye viwanja vya ziwani wana hoja, na si za kupuuza. Wana vyeti vya usajili wa ardhi walivyolipia. Goma ni mji wa wezi wenye bunduki, na ukuta umeokoa maisha ya watu. Hoteli zimewaajiri vijana. Tena wanauliza: ufuko ulioachwa wazi unatunzwa na nani? Wanakuonyesha taka za Kituku, na hapo ni vigumu kuwajibu.

Wenye boti wanataka nafasi ya kutia nanga bila kusukumana na wafuaji. Wachota maji wanataka boti zisogee, kwa kuwa mafuta ya injini yanaelea hadi kwenye bidoni. Wauzaji wanataka watembeaji kama mimi wanunue au wapishe njia.

Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, msingi wa haki zote za viwanja nchini Kongo, iliweka kitanda cha kila ziwa katika mali ya umma ya Taifa. Mali ya umma haiuzwi mpaka kwanza iondolewe rasmi katika matumizi ya umma. Kwa maneno mengine, maji si ya mtu. Lakini haki ya kuyafikia maji ni kitu kingine, na Goma imeiacha haki hiyo ipite katikati ya mageti ya watu binafsi. Mtu anamiliki ziwa pamoja na wenzake wote, ila hana mlango wa kuliingilia.

Ng'ambo ya mpaka mambo ni tofauti, na watu wa Goma wanayaona kila siku. Makumi ya maelfu huvuka kituo cha mpakani cha Petite Barrière kwa biashara. Nyakati za amani wengine walivuka Jumapili kwa ajili ya kutembea tu, kwa kuwa Gisenyi ina ufuko wa wazi, wenye miti na njia ya waenda kwa miguu. Ziwa ni lilelile, maji ni yaleyale. Watu wa Zanzibar wana Forodhani yao, iliyofunguliwa upya 2009. Mombasa ina Mama Ngina. Huko muuza mishikaki, mvuvi, mwanafunzi anayesoma chini ya mti na mtu mpweke aliyekuja kupunga upepo wote wana mahali pao, na hakuna anayedhani kwamba burudani ya mmoja inaiba riziki ya mwingine.

Nimesikia ikisemwa kwamba mji uliotoka vitani hauna muda wa mambo haya. Mimi naona kinyume. Mtu aliyelala wiki nzima ndani ya chumba cha mbao na watu saba, akisikiliza kila mlio na kuupima kama ni radi au bomu, anahitaji mahali pa kukaa kimya saa mbili. Mwenye dola anakaa kwenye bustani ya hoteli. Asiye nazo ana Kituku, au hana kitu.

Namna ya kuipanga Kituku inajulikana. Gati lijengwe upande mmoja kwa ajili ya boti za Idjwi, Kalehe na Minova, na pale pawe na mtu wa kuhesabu abiria na kukagua majaketi. Mabomba ya maji yaliyotibiwa yawekwe upande mwingine, mbali na injini, ili mtoto asihitaji kuingia ziwani na bidoni. Choo na taa ni lazima, maana wanawake wa soko hufika kabla ya mapambazuko na kuondoka baada ya giza. Kati ya gati na mabomba zibaki meta kadhaa zisizo na kibanda wala ukuta.

Lakini kabla ya saruji kuna kazi ya wapima ardhi: mipaka ya Kituku, kutoka barabarani hadi majini, ichorwe kwenye ramani na kusajiliwa kama mali ya umma, na ramani hiyo ibandikwe sokoni ambapo kila muuzaji anaweza kuisoma.